Majivu, Maganda na Samadi: Mali Itupwayo Uani

Fedha ya kahawa, pamba au korosho huingia nyumbani kwa mwanachama mara moja au mbili kwa mwaka, bali hutoka kila wiki. Hutoka kwa kipande cha sabuni, kwa pakiti ya unga wa kusugulia sufuria, na unapofika msimu hutoka kwa wingi kununua mbolea. Katibu wa chama cha msingi hulijua jambo hili vizuri kuliko mtu mwingine, kwa kuwa ndiye aandikaye makato ya mkopo wa pembejeo kabla mkulima hajapokea malipo yake.

Mwaka 2022 bei ya mbolea ya viwandani ilikuwa juu mno duniani kote, kwa sababu ya kupanda kwa bei ya gesi na vita vya Ukraine. Serikali ya Tanzania ilianzisha ruzuku ya mbolea kwa msimu wa 2022/23, na mzigo ukapungua. Hata hivyo somo lilibaki pale pale: kaya inayonunua kila kitu hutawaliwa na bei zinazopangwa mbali na shamba lake.

Haifai kusema kwamba mwanachama aache kununua. Linalofaa ni kujua kipi kinaweza kutengenezwa nyumbani kwa faida, kipi kitengenezwe na chama kwa pamoja, na kipi kiendelee kununuliwa dukani.

Ujuzi wa wazee

Kurudisha taka shambani si jambo lililoletwa na wageni. Wamatengo wa Mbinga, katika Mkoa wa Ruvuma, kwa zaidi ya miaka 100 wamelima ngoro: hufyeka nyasi, huzipanga miraba miraba juu ya mteremko, kisha huzifunika kwa udongo. Nyasi huoza chini ya matuta, na mashimo yaliyo katikati huzuia maji ya mvua yasichukue rutuba. Katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, ng'ombe walifugwa ndani ya mashimo yaliyotandikwa majani, na samadi ikachukuliwa shambani kwa uangalifu mkubwa kwa kuwa ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Katika vihamba vya Kilimanjaro, ng'ombe hulishwa zizini kwa magome na majani ya migomba, na samadi yake hurudi kwenye migomba na mibuni.

Mtaalamu Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore nchini India, aliandika mwaka 1931 utaratibu wa kutengeneza mboji kwa kuchanganya taka za mimea na samadi. Mwaka 1933 utaratibu huo ulianza kutumiwa katika shamba la kahawa karibu na Kiambu, nchini Kenya. Howard mwenyewe alikiri kwamba alijifunza mengi kwa wakulima wa Asia.

Namna ya kujenga biwi la mboji

Mahali pawe na kivuli, karibu na jiko au zizi, wala pasituame maji. Upana na kimo viwe mita 1.5, urefu hutegemea taka zilizopo. Katika nchi kavu ni afadhali kuchimba shimo lenye kina cha sentimita 60 ili unyevu usipotee upesi.

Chini hutandikwa vijiti au mabua ili hewa ipite. Juu yake huwekwa tabaka la vitu vikavu, kama vile nyasi, majani makavu na mabua yaliyokatwakatwa, kimo cha sentimita 20. Hufuata tabaka la vitu vibichi, kama vile maganda ya ndizi, magugu yasiyo na mbegu na mabaki ya mboga, sentimita 10. Kisha samadi, sentimita 5. Kisha udongo kidogo. Maganda mabichi ya kahawa yatokayo kwenye mashine ya kumenyea, ambayo mara nyingi huachwa yakachafua vijito, huhesabiwa miongoni mwa vitu vibichi na hufaa sana. Kila tabaka hunyunyiziwa maji, kisha tabaka hurudiwa mpaka kimo kitimie. Mwisho biwi hufunikwa kwa majani ya mgomba.

Majivu hutiwa kwa kunyunyiza tu, kwa kuwa yana potasi ifaayo migomba. Yakizidi na kukutana na samadi mbichi, naitrojeni hugeuka hewa ya amonia na kupotea. Harufu kali ipandayo puani ndiyo dalili yake. Nyama, mafuta, plastiki, betri na mimea yenye ugonjwa visitiwe kamwe.

Kijiti kirefu huchomekwa katikati ya biwi na kuchomolewa baada ya siku 4. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea vema. Kikiwa kikavu, maji yaongezwe. Kikiwa baridi na chenye uvundo, maji yamezidi na hewa haipiti. Basi biwi ligeuzwe na kuongezewa vitu vikavu. Joto la nyuzi 55 hadi 65 huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya maradhi, lakini walio pembezoni hawafikiwi na joto hilo. Ndiyo maana biwi hugeuzwa kila baada ya wiki 2 au 3, vya nje viingie ndani. Baada ya miezi 3 hivi, mboji huwa nyeusi, yenye kumeng'enyeka, na hunuka kama udongo wa msituni.

Hesabu ya kweli

Mwanachama asidanganywe kwamba biwi moja litaondoa haja ya mbolea ya dukani. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Ikiwa mboji ina naitrojeni asilimia 1 ya uzito wake ikiwa kavu, zitahitajika kilo 2,300 za mboji kavu ili kuufikia mfuko huo, na tena mboji haitoi chakula chake chote katika msimu mmoja. Biwi la mita 1.5 kila upande hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na haliwezi kufikia uzito huo.

Lakini urea haiwezi kufanya kazi ya mboji. Mboji huufanya udongo ushike maji, huulegeza udongo mzito na kuushikamanisha wa kichanga, na huizuia mbolea iliyonunuliwa isichukuliwe na mvua. Kwa hiyo mboji iwekwe pale ambapo kidogo huonekana: bustani ya mboga, shimo la mgomba, mashimo ya mibuni michanga. Mbolea ya dukani ibaki kwa mahindi, nayo inunuliwe kwa kipimo cha haja, si kwa mazoea.

Usafi wa nyumba

Magadi, yale yapatikanayo kwenye maziwa ya Natron na Magadi, ni soda ya asili ya kufulia. Huyeyushwa katika maji ya moto, huachwa yatuame, kisha huchujwa kwa kitambaa. Maji yake hulainisha maji magumu na kuondoa mafuta kwenye vyombo, sakafu na nguo za pamba. Yasitumiwe kwa nguo za sufu wala hariri, wala yasilazwe ndani ya sufuria ya alumini, kwa kuwa huila.

Majivu ya kuni ngumu, yaliyochekechwa, husugua sufuria kwa makumbi ya nazi au dodoki. Ndimu na chumvi huondoa kutu kwenye nguo nyeupe; ukwaju hung'arisha shaba. Na mpishi wa kuni akiipaka sufuria sabuni kwa nje kabla ya kuiinjika, masizi hutoka kwa urahisi wakati wa kuosha.

Sabuni ni kazi ya chama

Sabuni ya kipande hutengenezwa kwa mafuta, maji na kostiki, na kila mafuta yana kipimo chake. Kwa kilo 10 za mawese huhitajika kostiki kilo 1.35 na maji lita 3.1. Kwa kilo 10 za mafuta ya nazi huhitajika kostiki kilo 1.7 na maji lita 4. Kostiki ikizidi, sabuni huunguza ngozi. Ikipungua, huteleza kwa mafuta.

Hapa ndipo ushirika unapofaa. Mtu mmoja mwenye kilo moja ya mawese atahitaji gramu 135 za kostiki, kipimo ambacho mizani ya kawaida ya duka haiaminiki kukipata. Kikundi chenye kilo 10 kitapima bila shida, kitanunua kostiki kwa bei ya jumla, na kitakuwa na glavu za mpira na miwani ya kukinga macho kwa watu wote.

Kostiki hutiwa ndani ya maji. Maji hayatiwi juu ya kostiki, kwa kuwa huruka na kuunguza. Kazi hii hufanywa nje, mbali na watoto, kwa vyombo vya plastiki ngumu au vya chuma cha pua, kamwe si alumini. Maji hayo na mafuta vikiisha kuwa vuguvugu, huchanganywa na kukorogwa mpaka viwe kama uji mzito, kisha humiminwa katika kisanduku. Baada ya siku 2 sabuni hukatwa, nayo hukaushwa kivulini wiki 4 kabla ya kutumiwa. Mtu akirukiwa na kostiki, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 na kupelekwa zahanati.

Faida hutegemea mafuta. Penye kukamuliwa mawese, kama Kigoma, au nazi, kama pwani, hesabu huweza kulipa. Penye kununua mafuta kwa chupa dukani, sabuni ya nyumbani huweza kuzidi bei ya ile ya kiwandani, na hapo ni afadhali chama kinunue katoni kwa jumla na kuwagawia wanachama. Kikundi kitakacho kuuza kiulize kwanza masharti ya Shirika la Viwango Tanzania.

Yasiyopasa kubadilishwa

Majivu na ndimu si dawa ya kipindupindu. Kunapokuwa na ugonjwa huo, maelekezo ya wauguzi kuhusu klorini yafuatwe bila kupunguza. Dawa yenye klorini isichanganywe kamwe na siki wala ndimu, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Wala kaya isikose sabuni ya kunawa mikono baada ya kutoka chooni na kabla ya kula. Akiba isitafutwe hapo.

Wajibu wa katibu

Elimu kwa wanachama ni miongoni mwa misingi 7 ya ushirika iliyothibitishwa mwaka 1995, nayo huonekana zaidi kwa vitendo kuliko kwa hotuba. Katibu anaweza kuanza kwa mambo matatu. Kwanza, biwi moja la mfano lijengwe karibu na ofisi au mashine ya kumenyea kahawa, na tarehe za kulijenga na kuligeuza ziandikwe ubaoni. Pili, magadi yanunuliwe kwa gunia na kupimwa kwa wanachama. Tatu, kaya chache zenye hiari ziandike kwa mwaka mzima fedha zilizotumia kwa sabuni na mbolea, na hesabu hizo zisomwe katika mkutano mkuu pamoja na za kaya ambazo hazikufanya kazi hii.

Haba na haba hujaza kibaba. Hesabu hizo zikionyesha faida, wanachama watajua pa kuongeza juhudi. Zikionyesha hasara, watajua pa kuacha.