Chujio la Prado Lisilopenda Safari Fupi

Mnunuzi anayeingia yadi za magari za Ngong Road, Nairobi, kutafuta Prado ya dizeli ya safu tatu hufungua mlango wa nyuma, hukunja na kukunjua viti vya watoto, hupapasa ngozi, hutazama kilomita na kuuliza kama kuna dirisha la paani. Chujio la masizi haliulizii. Limejificha kwenye bomba la moshi, karibu na injini, na ndilo litakaloamua kama dizeli hiyo itaifaa familia ya Lavington au itaitesa hadi iuzwe kwa hasara.

Mafundi huliita DPF. Ni gogo la kauri lenye mifereji myembamba iliyopangwa kama sega la nyuki, ila kila mfereji umezibwa upande mmoja: uliofunguka mbele umezibwa nyuma, na jirani yake kinyume chake. Moshi ukishaingia hauna pa kutokea isipokuwa kupenya ukuta wenyewe, ambao una vitundu vidogo mno. Gesi hupita, masizi hubaki. Chujio zima hunasa zaidi ya asilimia 95 ya masizi hayo. Gari la kwanza la abiria kuuzwa nalo kama kifaa cha kawaida lilikuwa Peugeot 607, mwaka 2000, kutoka kampuni ileile ambayo 504 yake ya safu tatu ilibeba abiria na familia za Kenya miaka mingi kabla Prado haijatamba.

Ajabu ya kifaa hiki ni kwamba hujisafisha kwa moto. Sensa hupima shinikizo la moshi kabla na baada ya chujio. Tofauti ikizidi, kompyuta ya gari huamuru dizeli ya ziada, mara nyingi dereva asijue lolote. Kwenye injini ya 1GD, ile ya lita 2.8 iliyoingia Prado za Japani mwaka 2015, dizeli hiyo hunyunyizwa moja kwa moja kwenye bomba la moshi. Mazda CX-8, nayo ya safu tatu, huitia ndani ya silinda, mlipuko wa kazi ukiwa umekwisha. Matokeo ni mamoja: joto hupanda hadi nyuzi 600 hivi na masizi huteketea yakawa gesi.

Moto huo unataka gari litembee bila kukatizwa, dakika 15 au 20, injini ikiwa imepata joto. Hapo ndipo Lavington inapolishinda chujio. Kutoka Valley Arcade hadi lango la shule kwenye Gitanga Road ni mwendo mfupi, na saa moja asubuhi ni mwendo wa kusukumana. Mtoto akishuka, injini inazimwa. Mchana ni Lavington Mall na kurudi. Kompyuta huanza kuchoma, safari inaisha. Kesho huanza tena, inaisha tena, na masizi yanazidi kujaa.

Katika Mazda za dizeli, sehemu ya ile dizeli ya ziada huteremka kwenye oili, na oili huongezeka badala ya kupungua! Mazda wenyewe walilitambua hilo: kijiti cha kupimia oili kina alama ya X juu ya alama ya kujaa, na oili ikifika hapo lazima ibadilishwe. Mnunuzi akivute kijiti hicho kabla ya kusifu ngozi ya viti. Tena, oili ya injini huacha jivu kwenye chujio, na jivu haliungui. Wajapani wana daraja la oili yenye jivu kidogo, DL-1, kwa sababu hiyo. Kumimina oili yoyote ya bei rahisi ni kulifupishia chujio maisha.

Chujio likijaa, dawa ambayo fundi hukimbilia ni kulitoboa. Chuma hukatwa, kauri huvunjwa, chuma huchomelewa, kompyuta hudanganywa, na mteja huondoka akiamini amepona ugonjwa wa magari ya Japani. Huu ni uharibifu, na yafaa uitwe hivyo. Huko Japani kwenyewe, mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwatikisia waandishi wa habari chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli. Oktoba 2003 jiji hilo na majirani zake wakapiga marufuku malori na mabasi yaliyozidi kiwango cha masizi. Mwaka 2012 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO, iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Kenya nayo imekuwa ikiagiza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni tangu 2015. Mafuta safi yanaletwa kwa gharama, kisha chujio linatobolewa na masizi yanamwagwa kwenye foleni ya lango la shule, kwenye mapafu ya watoto walewale ambao gari lilinunuliwa kwa ajili yao. Matatu na malori hukaguliwa kila mwaka. Gari la binafsi linaweza kukaa miaka bila mtu kulipima moshi.

Si kila kosa ni la dereva. Aprili 2022 mahakama ya shirikisho ya Australia ilikubali kwamba Hilux, Fortuner na Prado 264,170 za familia ya injini hiyo ya 1GD ziliuzwa zikiwa na mfumo wa chujio wenye kasoro. Lakini kwa gari zima la Lavington, tiba ya kwanza ni barabara. Expressway inaanzia James Gichuru na kwenda kilomita 27 hadi Mlolongo. Southern Bypass haina ada. Safari moja ndefu kila wiki, bila kuzima injini katikati, inatosha kwa wengi. Familia isiyotoka mtaani heri ichukue petroli ya lita 2.7, ambayo ni nzito kupanda mlima na hunywa sana, ila haina chujio hili. Ushuru wa bidhaa nao unaegemea huko: dizeli iliyozidi sentimita za ujazo 2,500 hutozwa asilimia 35, petroli hiyo 25.

Mengine ya kukagua: AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, maana ikiisha na injini ikazimwa, Prado ya 1GD haiwaki tena; safu ya tatu, ambayo sakafu yake iko juu kwa kuipisha ekseli, hivyo mtu mzima hukaa magoti yakiwa kifuani; taa ya chujio kwenye dashibodi; usomaji wa masizi kwenye mashine ya fundi; na mdomo wa bomba la moshi, likiwa limepoa. Kidole kikitoka humo cheusi, chujio limepasuka au limetobolewa.