Je, Wajua? Ubishi wa Filta ya Oili

Je, wajua kwamba shabiki wa WIX, shabiki wa Purolator na shabiki wa Mann wanaweza kukutana gereji, wakabishana hadi oili ikapoa, kumbe wote watatu wanamtajirisha mtu mmoja? Mann+Hummel ya Ludwigsburg, Ujerumani, iliinunua Purolator ya Marekani mwaka 2006 kwa ubia na Bosch. Mwaka 2013 ikabaki nayo peke yake. Mwaka 2016 ikaongeza WIX, pamoja na Filtron ya Poland. Filta zenyewe zinaweza zisifanane, lakini hizo ni chapa za baba mmoja, na ule ubishi wa “Mjerumani” dhidi ya “Mmarekani” umekwisha nguvu bila wabishi kuarifiwa.

Je, wajua waasisi wa kampuni hiyo walitokea kwenye nguo? Adolf Mann na Erich Hummel walikuwa wakiongoza Bleyle, watengenezaji wa nguo za kufuma wa Stuttgart, kabla ya kuanzisha kiwanda cha filta mwaka 1941.

Je, wajua Sakura haitoki Japani? Jina ni la Kijapani, lakini mwenye chapa ni PT Selamat Sempurna ya Indonesia, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1976 na ambayo leo inauza katika nchi zaidi ya 100. Hapo hakuna aibu yoyote. Ila muuzaji akikwambia “hii Mjapani kabisa, bosi,” geuza boksi usome maandishi madogo kabla ya kulipia Ujapani.

Je, wajua filta ya oili ina umri wa karne moja tu na kidogo? Ernest Sweetland na George Greenhalgh, Wamarekani, walisajili hataza ya Purolator mwaka 1923. Mwaka uliofuata Chrysler akatoa gari lake la silinda sita likiwa na filta tangu kiwandani, miongoni mwa magari ya kwanza kabisa kufanya hivyo. Filta za zama hizo zilichuja sehemu tu ya oili. Nyingine ilipita ubavuni ikaenda kulainisha injini na uchafu wake. Hii ya kopo tunayoifungua kwa kuzungusha ilikuja baadaye: WIX ndio wanaojivunia kuitoa mwaka 1954.

Je, wajua Volkswagen kobe ya zamani haikuwa na filta ya karatasi? Chini ya injini yake kulikuwa na wavu wa chuma. Unamwaga oili, unatoa wavu, unauosha kwa petroli, unarudisha. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1962, kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki. Siri ilikuwa kumwaga oili mara kwa mara, na injini ilibeba kama lita mbili na nusu tu.

Na bodaboda? Injini za ukoo wa Honda CG125, ambazo Wachina wamezinakili kwa wingi, nazo hazina filta ya kopo. Zina wavu mdogo, na kikombe kinachozunguka pamoja na injini na kurusha uchafu pembeni ukagandie humo. Mwenye pikipiki ya namna hiyo hana chapa ya kugombania. Ana oili ya kumwaga, basi.

Je, wajua ndani ya kopo kuna nini? Hapa tukae kidogo, maana ndipo ubishi wa chapa unapopaswa kuanzia.

Kuna karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi ili eneo la kuchujia liwe kubwa. Ya bei nafuu ni karatasi ya nyuzi za mti iliyoloweshwa gundi ngumu. Ya bei ya juu huchanganywa na nyuzi za kioo au za kutengenezwa. Kuna valvu ya dharura, ambayo karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi ya alfajiri, hufunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa. Ndiyo, bila kuchujwa. Waliobuni waliona heri injini ipate oili chafu kuliko ikose oili kabisa, nami naona walipatia. Halafu kuna mpira wa kuzuia oili isirudi kwenye sampu gari likizimwa. Ukiwasha injini asubuhi ikapiga kelele kwa sekunde mbili tatu kisha ikatulia, mpira huo ni mmoja wa watuhumiwa.

Mpira wenyewe ni wa aina mbili. Wa nitrili, mara nyingi mweusi, hukakamaa kwa joto siku zinavyokwenda. Wa silikoni, mara nyingi mwekundu au wa rangi ya chungwa, huvumilia zaidi. Unaweza kuchungulia kwenye matundu ya filta ukiwa bado dukani. Muuzaji akikukataza kuchungulia, duka la jirani liko wazi.

Je, wajua valvu ya dharura haifanani kwa magari yote? Filta nyingi hufungua tofauti ya shinikizo ikifika kati ya nusu ya bar na bar moja hivi. Subaru nyingi za injini ya EJ ziliundiwa filta inayofungua karibu na bar 1.6. Kopo la chapa maarufu lenye uzi uleule na gasketi ileile litaingia vizuri kwenye Subaru hiyo, halitavuja tone, na bado likawa linapitisha oili chafu mapema kuliko alivyokusudia aliyeichora injini. Chapa imesifika, namba imekosewa.

Tukiwa kwenye uzi: filta nyingi za Toyota zina uzi wa robo tatu ya inchi, ambayo ni milimita 19.05, ilhali nyingi za Honda na Nissan za petroli zina uzi wa milimita 20. Pua ya 19 na ushee inaingia kwenye tundu la 20, inazunguka, inaonekana imekaza. Kisha siku moja shinikizo linaifyatua, oili yote inabaki barabarani. Kwa hiyo fundi anaposema “hii inaingia,” muulize inaingia au ndiyo yake.

Je, wajua maneno “asilimia 99” kwenye boksi hayana maana yakisimama peke yake? Asilimia 99 ya chembe za ukubwa gani? Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Kukamata chembe za mikroni 40 si kazi ya kutamba. Kukamata za mikroni 20 ndiyo kazi. Kipimo kinachoheshimika ni ISO 4548-12, na kampuni isiyoogopa hutaja asilimia pamoja na mikroni. Fram, kwa mfano, huiandikia Extra Guard yake asilimia 95 kwa chembe zinazozidi mikroni 20, na filta zake za juu huziandikia zaidi ya 99. Jina moja, rangi ya boksi inakaribiana, mali mbili tofauti. Basi anayesema “mimi ni mtu wa Fram” bado hajasema kitu.

Fram hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1932, ina wapinzani wakali Marekani. Wanalikata kopo, wanaonyesha vifuniko vya ndani vya karatasi ngumu badala ya bati, wanacheka. Wengi wao hukimbilia filta jenuini za Honda au Subaru. Kichekesho ni kwamba kwa miaka kadhaa baadhi ya hizo jenuini zilizouzwa Amerika Kaskazini zilitoka kwa Honeywell, kampuni iliyokuwa ikiimiliki Fram hadi 2011. Aliyetengeneza ni yuleyule. Aliyebadilika ni mwagizaji, na mwagizaji ndiye anayepanga vipimo.

Je, wajua habari ya “ukifunga isiyo jenuini dhamana inakufa” ina mipaka? Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kufunga dhamana kwa sharti la chapa fulani ya spea, isipokuwa akupe spea hiyo bure au awe na kibali maalumu. Kwetu hoja hiyo mara nyingi haina hata pa kukaa: gari limeshatumika Japani miaka sita au saba, limeshuka Mombasa au Dar es Salaam, dhamana ya kiwandani unayoogopa kuiua haipo.

Je, wajua wezi wa chapa hupenda zaidi chapa zenye waumini? Hakuna anayehangaika kuchapisha boksi la filta isiyojulikana. Wanachapisha la Toyota, kwa sababu mteja wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, ataomba “ya Toyota” kwa kutazama rangi ya boksi. Ukiikata feki unaweza kukuta karatasi nyepesi yenye mikunjo michache, au valvu ya dharura ya kuigiza. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 na mamlaka yake. Tanzania kazi hiyo iko kwa Tume ya Ushindani, FCC. Misako ipo, lakini haifiki kila kaunta. Kinachomsumbua muuza feki ni mteja mwenye namba. Filta nyingi za kopo za Toyota huanza na 90915, kisha mstari, kisha herufi na tarakimu za mfano wako. Ziandike kwenye simu. Dai risiti yenye namba hiyo na jina la duka, halafu tazama uso wa muuzaji.

Je, wajua ukimwaga oili ukaacha filta ya zamani unabakiza uchafu kiasi gani? Injini ya Toyota 1NZ, iliyojaa kwenye Probox na IST zetu, huchukua lita 3.7 ukibadilisha filta na 3.4 usipobadilisha. Karibu sehemu ya kumi na mbili ya oili “mpya” ni ile ya jana.

Na oili kuwa nyeusi kwenye dizeli si ushahidi dhidi ya filta. Masizi mengi ni madogo kuliko mikroni moja; yanapita kwenye karatasi ya chapa yoyote, ya bei yoyote.

Je, wajua spana si ya kufungia? Filta ya kopo hufungwa kwa mkono: paka gasketi oili mbichi, zungusha hadi iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko, achia. Hakikisha tu gasketi ya zamani haikubaki imeganda kwenye injini, maana mbili zikipandana zitamwaga. Zile za kaseti, zisizo na kopo, kama za Corolla za injini ya 2ZR, zina kifuniko kilichoandikwa 25 N·m juu yake. Mafundi wanaokaza kwa hasira hupasua kifuniko hicho, na kifuniko kinagharimu zaidi ya filta yoyote iliyotajwa hapa.