Mchezo Unaoua Mara Mia: Kwa Nini Hauachwi?

Askari aliyepata kukesha zamu katika gombolola ya Buteba anajua ya kuwa sehemu kubwa ya kazi ya ulinzi ni kungoja. Kaskazini ni Tororo na mwamba wake, kusini ni mji wa Busia, na upande wa mashariki, si mbali, ni Kenya. Magari makubwa ya mizigo huvuka mpaka Malaba na Busia usiku na mchana. Lakini zamu ikiisha, askari hubaki na saa zake mwenyewe, naye huzijaza kwa bao, kwa karata, kwa redio, au kwa mchezo wa televisheni. Leo twapenda kuzungumza juu ya aina moja ya michezo hiyo ya televisheni, ambayo humshinda mchezaji kila siku naye asiiache.

Ni michezo ya zamani ya kupiga risasi. Mandhari husogea kutoka kulia kwenda kushoto, na chombo kidogo, au askari mdogo, husonga mbele kati ya risasi za adui. Risasi moja ikimgusa, amekufa. Wakongwe wa jamii hii ni Defender na Scramble za mwaka 1981, Gradius ya mwaka 1985, na R-Type na Contra za mwaka 1987. Contra, yenye askari wawili wanaopigana bega kwa bega, iliwafikia watu wengi wa Afrika Mashariki kwa njia ya mashine za bei nafuu. Mashine hizo ziliundwa Taiwani na Uchina kwa kuiga Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo ya Japani iliitoa mwaka 1983. Katika miaka ya 1990 na iliyofuata, zilifungwa kwenye televisheni sebuleni na vibandani, na vijana wakapokezana vidude vya kuongozea.

Ugumu wa michezo hii haukutokea kwa bahati. Ile ya awali ilitengenezwa kwa makabati ya kutumbukiza sarafu. Mwenye kabati alipata hasara ikiwa mtu mmoja angecheza saa nzima kwa sarafu moja. Kwa hiyo mchezaji alipaswa kufa upesi, lakini afe akiwa na hamu ya kurudi. Michezo ilipohamia nyumbani, ikakuta kaseti zisizo na nafasi kubwa. Fundi wa Contra anaweza kuimaliza chini ya nusu saa. Ugumu ndio ulioigeuza nusu saa hiyo kuwa kazi ya miezi.

Hata waundaji walishindwa na kazi ya mikono yao. Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, alipokuwa akiiandaa Gradius kwa ajili ya Famicom mwaka 1986, aliona mchezo ni mgumu mno kwake kuupima. Akaweka hila ya siri: juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha kitufe cha B na cha A. Hila hiyo ilibaki katika mchezo uliouzwa. Ikaja kuingizwa katika Contra ya nyumbani, ambamo maisha matatu ya mchezaji hugeuka kuwa thelathini. Hashimoto alifariki Februari 2020, na hadi leo wako watu wazima ambao vidole vyao vinaikumbuka hila hiyo kuliko vinavyokumbuka namba ya simu.

Basi ni nini kinachomrudisha mtu mahali alipouawa? Kwa maoni yetu, ni haki. Katika R-Type, adui hutokea mahali pale pale kwa mpango ule ule. Aliyekufa hurudishwa nyuma kidogo, naye akifa tena hujua kwamba kosa ni lake: alichelewa, au alisimama mahali pasipofaa. Kila kifo ni somo fupi. Mara ya kumi anapita pale alipofia mara tisa, na hakuna aliyempendelea. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Askari aliyerudia gwaride uwanjani mpaka mguu ukaijua amri kabla ya sikio ataielewa furaha hiyo.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mchezo huu na mashine ya kamari, ambayo polisi wetu wanaifahamu vyema. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 juu ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha iliwazuia wasiotimiza miaka 25 kucheza kamari. Mashine ya kamari haifundishi. Aliyeshindwa mara mia hajui zaidi ya aliyeshindwa mara moja. Mchezo mgumu, kama bao, hulipa akili na subira.

Majeshi nayo yameiona faida ya michezo ya video. Mwaka 1996 Wanamaji wa Marekani waliugeuza Doom II, mchezo wa kupiga risasi wa namna nyingine, uwe zoezi la kikosi cha watu wanne. Shabaha hasa ilikuwa kuwazoeza askari kusikilizana na kulindana. Aliyecheza Contra na mwenzake analijua jambo hilo: mmoja akikimbilia mbele peke yake, mandhari humwacha mwenziwe nyuma, naye huweza kufa.

Hata hivyo, ndugu askari, tusidanganyike. Adui wa mchezo ana desturi. Mhalifu wa mpakani akishajua doria hupita saa ngapi, hubadili njia na saa. Aliyezoea kukariri tu atamngoja mahali pasipo na mtu. Tena kwenye doria hakuna maisha matatu, wala hila ya kuyafanya thelathini. Raia aliyepigwa risasi kwa kosa harudishwi nyuma kidogo ili tujaribu upya.

Kwa hiyo tucheze saa ya mapumziko, tufe mara mia mbele ya televisheni, na tujifunze kukiri kosa bila kumtafuta wa kumlaumu. Zamu ikifika, tuzime mashine na kulala kwanza kabla ya kushika bunduki.