Bunia: Programu za kuharakisha simu, ipi inaongeza mwendo na ipi inakula batri tu

Kunako mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia, simu inayokwama si tatizo dogo. Ndani yake kuna pesa za M-Pesa au Airtel Money, wateja wa mwenye mota, na habari za barabara iliyofungwa. Kwa hiyo mwenye simu ya zamani anavutwa haraka na programu inayoahidi «mwendo mara mbili». Lakini programu hizo haziko namna moja.

Nyingi ni zile zinazoitwa «booster». Hizi hazigusi prosesa hata kidogo. Zinafunga programu zilizo nyuma, zinaonyesha mshale unaopanda, kisha Android inazifungua zilezile tena. Kufunga na kufungua huko kunakula batri kuliko kuziacha. Tena nyingi zinaleta matangazo, na mega za matangazo analipa mwenye simu.

CPU-Z ni kitu kingine. Inaonyesha tu: jina la prosesa, mwendo wake, joto la batri. Haibadilishi chochote, na ndiyo ya kuanza nayo.

Zinazobadilisha mwendo kweli ni chache: SetCPU ya zamani, kisha Kernel Adiutor na Franco Kernel Manager. Zote zinaomba simu ifunguliwe ruti, yaani mtumiaji apate mamlaka ambayo kiwanda kilimnyima. Hata hapo hazipiti kikomo kilichoandikwa ndani ya kerneli. Anayetaka zaidi lazima aweke kerneli nyingine, na kwa simu za bei ndogo ni vigumu kuipata. Kazi hiyo ikienda vibaya, simu haiwaki tena. Ikienda vizuri, bado baadhi ya programu za benki zinakataa simu yenye ruti.

SetCPU haikupata jina bure. Simu ya G1, iliyotoka Marekani mwaka 2008, ilikuwa na chipu ya megahezi 528 lakini ilizuiliwa kwenye 384. Kuondoa kizuizi hicho kulileta faida ya kweli. Siku hizi viwanda haviachi nafasi kama hiyo.

Halafu kuna joto. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, mara nyingi lazima uongeze volti pia. Volti ikipanda asilimia 10, matumizi ya umeme ya prosesa yanapanda karibu asilimia 33, kwani volti inahesabiwa mara mbili. Simu ikipata moto inajipunguzia mwendo yenyewe, na faida inapotea. Kwa mtu anayelipa ili achajiwe simu kibandani, hiyo ni hasara tupu.

Isitoshe, katika simu nyingi za bei ndogo prosesa siyo inayochelewesha. Chipu ya SC9863A, kwa mfano, ina koa 8 zinazofika gigahezi 1.6, lakini mara nyingi inawekwa pamoja na memori ya giga 1 au 2. Hapo video za WhatsApp zikijaza nafasi, hakuna programu ya mwendo itakayosaidia. Kuzifuta kutasaidia, tena bila malipo.

Kwa simu ambayo tayari ina ruti, faida iko upande wa pili: kushusha kikomo cha mwendo, batri idumu zaidi mpaka kurant irudi. Na batri iliyovimba isichajiwe tena, ipelekwe kwa fundi aibadilishe.