Jinsi maji ya bwawa yanavyoweza kuchochea mtetemeko wa ardhi

KABLA ya mapambazuko ya Desemba 11, 1967, ardhi ilitetemeka kwa nguvu katika mji mdogo wa Koynanagar, magharibi mwa India. Nyumba ziliporomoka na kuwafunika wakazi waliokuwa usingizini. Takriban watu 180 walifariki.

Eneo hilo lilikuwa likiaminika kuwa tulivu. Hali ilibadilika bwawa la Koyna lilipoanza kujazwa maji mwaka wa 1962, na mitikisiko midogo midogo ikaanza kuhisiwa. Ule wa 1967, uliofikia kipimo cha 6.3, ungali mkubwa zaidi kati ya ile ambayo wanasayansi kwa jumla wanakubali kwamba ilichochewa na bwawa.

Yafaa ieleweke kwamba maji peke yake hayawezi kuzalisha nguvu kama hizo. Chini ya ardhi mna nyufa ndefu ambazo pande zake husukumana kwa karne nyingi bila kuteleza, kwa sababu zimebanana. Bwawa huingilia hali hiyo kwanza kwa uzito wake: penye kina cha mita 100, kila mita moja ya mraba ya ardhi hubebeshwa tani 100 za maji. La pili ndilo hatari zaidi. Maji hupenya miambani, na shinikizo lake likifika kwenye ufa hupunguza ule mbano. Pande hizo zikiwa tayari zimekaribia kuteleza, hufyatuka ghafla, na mtetemeko ambao pengine ungechelewa sana huja mapema.

Kwa kuwa maji huchukua muda kupenya, hatari haiishi siku bwawa linapojaa. Huko Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, maji yalianza kukusanywa mwishoni mwa 1958, lakini mtetemeko mkubwa, uliozidi kipimo cha 6, ulitokea Septemba 1963. Koyna nako ardhi bado hutikisika, hasa baada ya mvua za msimu kupandisha kiwango cha maji.

Mabwawa mengi, hata makubwa, hayajawahi kuleta balaa hili. Ndiyo maana wahandisi huhimizwa kutega mitambo ya kunasa mitikisiko kabla ya kuanza kujaza maji, kisha kuyajaza polepole.

Ukuta wa Koyna, wenye kimo cha mita 103, ulipasuka mahali kadhaa mwaka huo wa 1967 lakini haukubomoka. Baadaye uliimarishwa kwa zege.