Faili la Marehemu Lisilofunguka: Herufi za Mwisho, Amana na Haki za Watu

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake. Ammaa ba'd.

SUALI

Assalaamu 'alaykum. Ndugu yetu alikuwa na duka la nguo Kihesa, Iringa. Amefariki, na kijana aliyekuwa akimsaidia dukani ametuletea flashi na simu yake hapa Pemba. Ndani mna mafaili ambayo hatukuyazoea. Moja linaishia na .ods, sauti zinaishia na .amr, picha za daftari zinaishia na .heic, na jengine kubwa linaishia na .crypt14. Pia namba tusiyoijua imetutumia kwa WhatsApp faili liitwalo "Mkataba wa deni", linaishia na .apk. Tumeambiwa tukizibadilisha herufi hizo za mwisho yote yatafunguka. Je, inafaa? Na yakifunguka, tuyategemee katika madeni na mirathi?

JAWABU

Wa 'alaykumus-salaam wa rahmatullah. Allah amrehemu ndugu yenu na awape subira.

Suali hili linaonekana kuwa la kompyuta, lakini ndani yake mna haki za watu. Kihesa ni kata ya Manispaa ya Iringa. Kutoka visiwani mtu huvuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, kisha hushika barabara ya kilomita kama 500 kupitia Morogoro, Mikumi na mlima Kitonga. Waliomuuzia marehemu na waliokopa kwake wako huko, na warithi wake mko Pemba. Kilichobaki kuwaunganisha ni flashi na simu. Na Allah Mtukufu, katika Surat An-Nisaa aya ya 11 na ya 12, ameweka mafungu ya warithi baada ya wasia na deni. Basi hamuwezi kujua mna nini cha kugawana mpaka mjue anadaiwa nini.

Jawabu kwa ufupi: msibadilishe herufi za mwisho. Faili la .apk msilifungue kabisa. Mengine yafunguliwe katika nakala, kwa programu zinazoyafahamu. Na mtakayoyakuta ndani ni dalili ya kufanyiwa uchunguzi, hayajawa hukumu. Ufafanuzi wake ni huu.

Herufi za mwisho ni jina tu

Herufi zinazokuja baada ya nukta ya mwisho, ambazo wengine huziita kiendelezi, huiambia kompyuta ijaribu programu gani. Hazibadilishi kilichomo ndani. Mfano wake ni barua za wazee wetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kijana wa leo akiishika barua ya babu yake anaweza kudhani ni Kiarabu, akampelekea mwalimu wa Kiarabu, na mwalimu asielewe kitu. Kosa si la barua. Inamhitaji msomaji anayejua hati ile na lugha ile. Na ukiandika juu ya bahasha "Kiswahili cha herufi za Kirumi", ndani hakitageuka chochote.

Ndivyo ilivyo kwa faili. Ukilibadilisha jina sauti.amr likawa sauti.mp3, sauti ndani inabaki vile vile. Baadhi ya programu zitaifungua kwa sababu huangalia yaliyomo, nyengine zitasema faili ni bovu. Kisha atakayekuja nyuma yenu atapotea, kwa sababu mmeondoa alama iliyokuwa ikimuonesha njia. Wanazuoni wetu wana kaida mashuhuri kwamba katika mikataba kinachozingatiwa ni makusudio na maana, si matamko peke yake. Katika mafaili pia, angalieni hakika ya kitu kabla ya jina lake.

Hakika hiyo mara nyingi huonekana mwanzoni mwa faili lenyewe. Mkilifungua kwa programu nyepesi ya maandishi kama Notepad, bila ya kuhifadhi chochote, mtaona herufi nyingi zisizosomeka, lakini za mwanzo husema. Faili la PDF huanza na %PDF. Mafaili ya .docx, .xlsx na .ods huanza na PK, kwa sababu kila moja ni furushi lililofungiwa vitu kadhaa. Lakini jihadharini: faili la .apk nalo ni furushi la aina hiyo hiyo, nalo huanza na PK. Kwa hiyo alama hii inakusaidieni kulijua faili, haitoshi kuliamini.

Anzeni na nakala

Kabla ya kufungua chochote, nakilini flashi yote kwenye kompyuta, kisha iwekeni flashi yenyewe mahali salama kwa mtu mmoja anayeaminika. Kazi yote ifanywe kwenye nakala. Faili likihifadhiwa tena hubadilisha tarehe yake, na huenda likabadilika na kilichomo. Asili ikiguswa, mdai anaweza kusema kuwa warithi wamechezea hesabu, nanyi hamtakuwa na cha kumuonesha.

Kama kuna kinachobaki Kihesa, mwambieni kijana wa dukani asikigeuze huko kwa nia ya kukusaidieni. Na akituma picha kwa WhatsApp, aitume kama hati, asiitume kama picha ya kawaida, kwa kuwa WhatsApp hupunguza ubora wa picha, na tarakimu za daftari lililoandikwa kwa kalamu ya risasi huweza kupotea.

Mafaili yenu moja moja

Faili la .ods ni jedwali la hesabu. Hufunguliwa na LibreOffice, programu isiyolipiwa, na Excel za miaka ya karibuni pia hulifungua. Programu hiyo ya LibreOffice itakufaeni pia mkikutana na .odt, au .wps za Microsoft Works ya zamani.

Sauti za .amr ni za simu. Hurekodiwa kwa ubora mdogo, kiasi cha mtu kusikilizana na mwenzake. Programu ya VLC, nayo haina malipo, huzicheza, pamoja na .3gp na .opus, ambayo ndiyo sauti za WhatsApp. Kuigeuza .amr kuwa .mp3 hakuiongezei uwazi hata kidogo. Neno lisilosikika katika asili halitasikika katika nakala.

Picha za .heic mara nyingi ni za iPhone, ambazo zimeanza kuzitumia mwaka 2017. Kama marehemu hakuwa na simu hiyo, basi huenda aliyepiga picha za daftari ni mtu mwengine, na ni vyema mumjue ni nani. Kompyuta ya Windows huenda ikahitaji kuongezewa programu ndogo ili izioneshe.

Faili la .crypt14 ni akiba ya mazungumzo ya WhatsApp iliyofungwa kwa ufunguo. Hili si faili geni tu, hili limefungwa. Hakuna jina jipya wala programu ya kugeuza itakayolifungua bila ya ufunguo wake. Njia ya kawaida ni WhatsApp yenyewe, kwa namba ya mwenye akiba. Basi msiifute WhatsApp katika simu ya marehemu, wala msimpe fedha mtu anayeahidi kulifungua kwa dakika tano.

Lile la .apk

Mkataba ni maandishi, na maandishi hayaishii na .apk. Hiyo ni programu ya kuwekwa katika simu ya Android. Ikiwekwa na ikapewa ruhusa inayoiomba, inaweza kusoma ujumbe wa simu, zikiwemo namba za siri za muda ambazo benki na huduma za fedha hututumia. Mwenye kudai haki hahitaji kuingiza programu katika simu ya wafiwa. Mjibuni alete maandishi ya PDF au picha, au aje na mashahidi. Faili lenyewe lifuteni, lakini hifadhini namba yake na ujumbe wake.

Hila hii ni kongwe. Mwezi wa Mei mwaka 2000 ulienea duniani ujumbe uliotokea Ufilipino, ukiwa na faili lililojiita barua ya mapenzi. Jina lake lilionekana kumalizikia na TXT, yaani maandishi matupu, lakini baada yake kulikuwa na .vbs, yaani programu, na Windows ilikuwa imezificha herufi hizo. Watu wakafungua, na kompyuta zikaharibikiwa kwa mamilioni. Mpaka leo Windows huzificha herufi za mwisho inazozijua. Zioneshe kwa kuingia katika dirisha la mafaili, menyu iliyoandikwa "View", na kuchagua majina kamili yaonekane. Ukiona faili limeishia na .exe, .scr, .vbs au .apk, jua kuwa ni kitu cha kutenda, si cha kusoma, hata kama kabla yake pameandikwa pdf. Allah ametuamrisha katika Surat Al-Hujuraat aya ya 6 tuhakikishe khabari kabla ya kuzifanyia kazi, na huku ndiko kuhakikisha.

Kugeuza bila ya kupoteza haki

Kugeuza faili kwa njia iliyo sahihi ni kulifungua kwa programu yake, kisha kulihifadhi upya kwa aina nyengine na jina jengine, huku asili ikibaki. Baada ya hapo linganisheni mstari kwa mstari. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja ya ba kwa sauti ya b, ya p na ya mb, kwa hiyo anayeihamisha barua ile kwenye herufi za Kirumi hulazimika kuchagua, na akichagua vibaya neno hugeuka. Kompyuta nayo huchagua.

Jedwali likigeuzwa kuwa .csv hupoteza kanuni zake za kujumlisha, hubaki majibu tu. Likifunguliwa tena, namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake. Tarehe 03/04 huweza kusomwa tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi, na mwezi mzima wa ahadi ya deni ukapotea. Kwa hesabu za kuwaonesha watu, geuzeni kuwa PDF, na jedwali asili libaki kwa ajili ya kulirejea.

Wala msiyapeleke mafaili haya katika tovuti zinazogeuza bure. Huko unapakia nakala kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, na ndani mna majina ya wadaiwa, namba zao na aibu zao. Hiyo ni amana, na programu za bure zilizotajwa juu zinafanya kazi hiyo ndani ya nyumba yenu.

Yanategemewa kiasi gani?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur-aan, aya ya 282 ya Surat Al-Baqarah, imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Ndugu yenu aliandika, na hilo ni jema. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi'i, andiko peke yake halisimami mahali pa mashahidi. Hata hivyo halitupwi. Imam an-Nawawi, katika Minhaaj at-Twaalibiyn, ametaja kuwa mrithi anaweza kuapa juu ya haki akitegemea hati ya aliyemrithi, ikiwa anauamini mwandiko wake na uaminifu wake.

Hapa ndipo aina ya faili inapoingia katika fiqhi. Picha ya daftari inaonesha mkono wake mnaoujua. Sauti inabeba sauti yake mnayoijua, ingawa siku hizi sauti huigizwa. Jedwali la .ods halina mkono wa mtu, yeyote aliyeishika flashi aliweza kuandika humo. Basi anzeni na daftari lenyewe lililopo Kihesa kama lipo, kisha picha zake, na jedwali mlifanye la kulinganishia. Deni mnaloliamini lipeni, na mrithi anayelikubali linamlazimu katika fungu lake. Wakiwemo watoto wadogo, au mkikhitilafiana, lipelekeni kwa Kadhi pamoja na flashi asili, si nakala zilizogeuzwa pekee.

Siri za marehemu

Mnachotafuta ni madeni, amana na wasia. Wafungue watu wawili waaminifu, mmoja mrithi na mmoja anayeijua kazi ya kompyuta, waandike wamefungua nini na lini. Wakikutana na jambo lake la siri lisilohusu haki ya mtu, walifunge na walisitiri. Wala simu yake isipitishwe mkono kwa mkono barazani.

Tunamuomba Allah amsamehe ndugu yetu, amlipie madeni yake kupitia mikono yenu, na awape warithi wake moyo wa uadilifu.

Wa Allaahu A'lam.