Kwa Nini Surua Huja Mara Moja, Malaria Kila Masika?

Jumamosi moja, baada ya kikao cha akina mama kanisani, tulibaki uani tukichambua mchele wa harusi. Mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza: “Dada, ninyi wa hospitali mtueleze. Mwanangu mkubwa aliugua surua mara moja tu, haikurudi tena. Mbona malaria inamrudia kila masika? Na mafua je? Kwani mwili hukumbuka ugonjwa mmoja na kusahau mwingine?”

Tulijaribu kumjibu palepale, ungo mkononi. Lakini swali lile lilistahili jibu refu zaidi, kwa kuwa ndani yake yamo mambo ambayo mama akiyajua huweza kuokoa mtoto. Ndiyo maana tunaliandika hapa.

Ukuta na milango

Ngozi isiyo na kidonda ni ukuta ambao vijidudu vingi haviwezi kuupenya. Penye milango, yaani macho, pua na mdomo, Muumba ameweka walinzi. Machozi yana kemikali iitwayo laisozaimu, ambayo hupasua magamba ya bakteria. Daktari Alexander Fleming aliieleza kemikali hiyo mwaka 1922, miaka 6 kabla ya kugundua penisilini. Kamasi nazo hunasa vumbi na viini, kisha vinyweleo vidogo mno vilivyomo katika njia ya hewa huvisukuma juu mpaka tuviteme au tuvimeze. Tukivimeza, vingi hufia katika asidi ya tumbo.

Basi mama, usimbebe mtoto mgongoni huku ukipuliza kuni katika jiko lililojaa moshi. Moshi hudhoofisha vinyweleo hivyo, na nimonia hupata njia.

Wa kwanza kufika

Mwiba ukikuchoma, baada ya muda mfupi mahali pale huwa pekundu, hupata joto na kuvimba. Usidhani huo ni ugonjwa wenyewe. Mishipa midogo ya damu imetanuka ili chembe nyeupe za damu zipite haraka kwenda kwenye mapambano. Chembe hizo hutengenezwa katika uboho wa mifupa. Zikifika humeza vijidudu na kuvisaga. Nyingi hufa kazini, na usaha tunaouona kwenye jipu kwa sehemu kubwa ni mizoga yao.

Homa pia huletwa na mwili wenyewe. Ubongo hupandisha joto kwa sababu vijidudu vingi havistawi katika joto kali, na walinzi wetu hufanya kazi vizuri zaidi. Lakini tusielewane vibaya! Mtoto mdogo mwenye homa, hasa penye malaria, apelekwe kupimwa siku ile ile. Homa ni kengele, na kengele ikilia mwenye nyumba huamka.

Kila adui na silaha yake

Iwapo walinzi wa kwanza hawatoshi, habari hupelekwa kwenye tezi zilizoko shingoni, kwapani na kwenye kinena. Wazee wetu huita uvimbe wake mtoki. Huko askari wa aina ya pili huchaguliwa: wale tu wanaomtambua adui huyu huzaliana kwa wingi. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima, na hapo ndipo mgonjwa hulala kitandani.

Bakteria wengi hukaa nje ya chembe za mwili. Kwao hutengenezwa kingamwili, ambazo huwanata kama ulimbo ili walaji wawameze kwa urahisi.

Virusi hujificha ndani ya chembe zetu wenyewe. Huko kingamwili hazifiki, kwa hiyo askari wengine huiua chembe yote iliyoingiliwa, kama jirani anavyobomoa banda linaloungua ili moto usifike nyumbani. Dawa za antibayotiki haziui virusi. Ukimpa mtoto mwenye mafua vidonge vilivyobaki kabatini, mafua hayaondoki, na unawafundisha bakteria kuizoea dawa.

Kijidudu cha kifua kikuu ni mjanja. Humezwa, lakini hafi tumboni mwa aliyemmeza. Basi chembe nyingi humzunguka na kumjengea ukuta. Anaweza kukaa humo miaka mingi bila kumwumiza mtu, na ukuta ukidhoofika, kwa njaa au maradhi mengine, hutoka.

Minyoo nayo ni mikubwa mno kumezwa. Chembe nyeupe za aina nyingine huizingira na kuimwagia sumu juu ya ngozi yake.

Daftari la mwili

Vita vikiisha, askari wengi hufa, lakini wachache hubaki wakiwa na kumbukumbu. Adui yule yule akirudi, hawachukui tena wiki nzima. Humshinda kabla hatujahisi lolote. Hapo tunafika kwenye jibu la mama yetu.

Surua haibadilishi sura. Aliyeiugua au kuchanjwa ipasavyo huitambua karibu maisha yake yote. Virusi vya homa ya mafua hubadili vazi mwaka hadi mwaka, na mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina nyingi, kwa hiyo kila mara ni mgeni mpya.

Malaria ndiyo hodari wa kujificha. Kwanza huingia kwenye ini, kisha ndani ya chembe nyekundu za damu, na humo hubadilisha alama zake mara kwa mara. Mtu aliyekulia penye mbu wengi hupata kinga nusu: huambukizwa, lakini si rahisi afe. Mtoto mdogo hana hata nusu hiyo. Mama mjamzito naye, hasa wa mimba ya kwanza, hupungukiwa kwa kuwa vijidudu hujikusanya katika kondo la nyuma. Ndiyo sababu kliniki husisitiza chandarua na dawa ya kinga. Hata chanjo ya kwanza ya malaria ilichelewa sana, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021.

Pepopunda ni jambo jingine la ajabu. Sumu yake ni kali hata kiasi kinachoweza kuua ni kidogo mno kuufundisha mwili. Aliyepona pepopunda hana kinga, hivyo ni lazima achanjwe. Mama akichanjwa wakati wa ujauzito, kingamwili zake hupita kwenye kondo na kumlinda mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Na chanjo si kitu kingine ila kumwonyesha mwili sura ya adui kabla hajaja. Kwa njia hiyo ndui ilikomeshwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida aliugua Merca, Somalia, mwaka 1977.

Wanaolichana daftari

Wako maadui wanaowashambulia walinzi wenyewe. Virusi vya UKIMWI huua askari wanaowapa wengine amri. Hapo hata kuvu, ambao kwa kawaida hawatusumbui, huweka utandu mweupe mdomoni. Anayemeza ARV kila siku bila kukatisha huwapa askari hao nafasi ya kuongezeka tena.

Surua nayo hulichana daftari. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 juu ya watoto wasiochanjwa wa Uholanzi ulionyesha kuwa surua iliwapotezea kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto hupona surua, kisha hufa kwa nimonia au kuharisha, na watu husema ni ugonjwa mwingine.

Hapa tuna jambo la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, katika zahanati moja tuliyofanyia kazi, mama alileta mtoto wa miezi 9 akiwa peke yake. Chupa ya chanjo ya surua ina dozi 10, na ikishachanganywa haidumu zaidi ya saa 6. Tulihofia kumwaga dozi 9. Tukamwambia, “Rudi wiki ijayo, wenzako watakuwepo.” Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Hakurudi wiki iliyofuata, kwani mvua ilikata njia. Alirudi baada ya mwezi, mtoto ana vipele na macho mekundu. Alipona surua, lakini nimonia iliyofuata ilimchukua. Mama yule hakutulaumu, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Tangu siku ile, hata akija mtoto mmoja, chupa hufunguliwa. Nawe mama, ukiambiwa urudi, omba kwa upole lakini usiondoke upesi.

Ufanye nini nyumbani?

Mpe mtoto titi ndani ya saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Yale maziwa ya njano ya mwanzo, ambayo baadhi ya bibi zetu huyakamua na kuyamwaga, yamejaa kingamwili. Endelea na maziwa yako pekee kwa miezi 6, hata maji usimpe. Kisha mpe vyakula mchanganyiko: dagaa, maharagwe, mayai, mboga za majani, papai. Nawa mikono kwa sabuni. Ukiandikiwa dawa, maliza dozi.

Tena tazama kadi ya kliniki. Kingamwili ulizompa mtoto tumboni hupungua mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo hapa Tanzania, kama ilivyo Kenya, chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Wengi huisahau hiyo ya pili.

Yule mama wa uani alipotusikiliza mpaka mwisho, aliweka ungo chini akahesabu kwa vidole. Kitinda mimba wake alikuwa na miezi 20. Jumatatu tulimkuta kwenye benchi la kliniki kabla hatujafungua mlango. Je, kadi ya mwanao iko wapi?